Harusi Iliyokataa Kuingia Kwenye Diski

Kwetu Kisangani video ya harusi haikatwi. Aliyeleta mbuzi aonekane, aliyeleta kreti ya bia aonekane, na mama mkwe acheze mpaka wimbo uishe. Ndiyo maana harusi ya dada yangu, niliyoipiga video mwenyewe, ilitoka faili moja refu kama ibada ya Pasaka.

Koko wetu, mama yake papa, yuko Yanonge, na miguu haimruhusu tena kusafiri. Boti ya mchana ilikuwa impelekee harusi hiyo kwenye diski ya nje. Diski ilikuwa tupu kabisa, lakini ikakataa: faili ni kubwa mno.

“Papa, niondoe ile foleni ya zawadi?”

“Tonton yako, ndugu yangu mudogo, alitoka Banalia na mbuzi mu mukono,” papa akasema. “Ukimutosha mu video, tutasema mbuzi ilikuja yenyewe?”

Ikiwa nawe diski yako imewahi kukukatalia hivyo, usihangaike, haijaharibika. Ifikirie kama ghala kubwa lenye mlango mwembamba: mizigo mingi inaenea, ila mzigo mmoja mnene haupiti. Diski iliyopangwa kwa mtindo wa zamani haipokei faili linalozidi gigabaiti nne. Ningeweza kuipanga upya kwa mtindo unaopokea makubwa, lakini televisheni ya jirani wa koko ni ya siku nyingi, na huenda isingeisoma.

Basi nikaigawa harusi vipande vipande, kila kimoja chini ya gigabaiti nne, kikiishia pale watu walipopumzika. Hakuna aliyeondolewa. Nikavinakili kwenye diski, nikasubiri kompyuta iniruhusu kuichomoa, nikavijaribu kwenye televisheni yetu ya zamani, kisha papa akakimbia nayo bandarini.

Wiki iliyofuata diski ilirudi imefungwa pamoja na samaki wa moshi. Sauti ya koko iliyorekodiwa ikaja kwenye simu ya papa.

“Nimemuona mutoto yangu ya mwisho, ule wa mbuzi. Tangu aende Banalia sikumuona. Bon, amenenepa. Jirani amechoka kunirudishia pale pale. Aksanti, mujukuu.”

Papa aliisikiliza mara mbili, akatazama pembeni. Namshukuru hadi leo kwa kunikatalia kuikata ile foleni. Diski ile ingali inanukia samaki, na vile vipande sijavifuta.