Kadi ya Nahodha Kibandani kwa Raudha

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, manyunyu yanaanguka juu ya mabati ya Majengo, mjini Nyeri. Raudha anageuza mandazi ya mwisho kwenye karai kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anapokea noti ya shilingi mia kutoka kwa Kahiga, kijana wa bodaboda.

Kahiga hataki mandazi. Anataka pakiti mbili za kadi za wachezaji wa kandanda. Anazipasua kwa meno papo hapo, anazipekua upesi, kisha anazisukuma zote kwenye kaunta.

"Hakuna kitu hapa, mathe. Hizi shika tu."

"Kuna beki, kuna kipa. Hawa hawachezi?"

"Wanacheza. Lakini hawauziki."

Raudha anacheka, anapangusa mafuta vidoleni na kuziokota moja moja. Kila pakiti ina kadi tano, na kwa kila pakiti anapata faida ya shilingi kumi. Mandazi ndiyo yanayolipa kodi.

Biashara ya kadi aliianzisha mumewe, Dawud, aliyefariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa figo. Alipoianzisha, binti yao Safa alikuwa chekechea, na kila mtoto wa Majengo alitaka kujaza albamu, ukurasa mmoja timu moja. Jumamosi mabenchi ya nje yalijaa watoto wanaobadilishana: mabeki wawili kwa winga mmoja, kelele hadi adhuhuri.

Dawud alikuwa na kanuni yake. Kadi za manahodha, zile zinazong'aa, alizipata kwa kubadilishana na watoto, akaziweka kwenye kopo la biskuti. Hakuwahi kumuuzia mtu nahodha. Alimpa bure yeyote aliyeleta wachezaji kumi wengine wa timu hiyo.

"Alisema mtu akianza na nahodha, hao wengine hatawatafuta," anaeleza Raudha. "Mimi nilidhani ni ukaidi wake tu."

Raudha alipomaliza eda akafungua tena kibanda. Vijana walipouliza zile zinazong'aa, akawauzia, mia mbili kila moja. Kopo lilikwisha kwa wiki moja.

"Nilimwambia Safa, babako alikuwa amekalia pesa."

Baada ya hapo pakiti zikalala. Watoto walikuja, wakauliza manahodha, wakaenda zao. Mabenchi yakabaki matupu, na mvua zilipoanza akayaingiza ndani. Siku hizi, anasema, kijana akipata kadi inayong'aa anaipiga picha, anaiweka kwenye kikundi cha simu, na mtu wa Nanyuki anainunua kabla ya jioni. Albamu hawana habari nayo.

"Wanaojaza kurasa sasa ni wanaume wenye ndevu," anasema.

Mmoja wao ni Njagi, fundi wa kuchomelea vyuma huko Chaka, mzaliwa wa Runyenjes. Utotoni kwao hela za pakiti hazikuwapo. Alianza albamu yake ukubwani, kwa Dawud, kabla mzee hajaugua. Watoto wake humcheka, lakini hajali.

Machi mwaka huu Njagi alifika na wachezaji kumi wa timu yake ya mwisho, wamefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Nahodha tu ndiye aliyebaki, na Dawud alikuwa amemwahidi.

"Nikamwambia nimeshamuuza," anasema Raudha. "Hakugomba. Alisema tu, 'Ni sawa, Mama Safa. Mzee alikuwa amesema ataniwekea.' Afadhali angenigombeza."

Kadi hiyo ilikuwa kwa Kahiga, akingoja bei ipande. Raudha alimfuata hadi stendi ya bodaboda.

"Nirudishie ile kadi, kijana wangu. Nitakupa mia tatu."

"Mathe, kuna jamaa amesema elfu mbili. Si uliniuzia mwenyewe? Ama nilikuibia?"

"Hukuniibia."

"Basi. Hii ni biashara."

Kulikuwa na kadi nyingine kama hiyo moja tu ambayo Raudha aliijua ilipo. Ilikuwa chumbani kwake, katika albamu ya Dawud mwenyewe, ambayo haikukosa mchezaji hata mmoja. Jioni hiyo aliinjika maji, akaushikilia ukurasa juu ya mvuke ili gundi ilegee. Safa alimkuta hapo.

"Mama, hiyo ni ya baba. Ukiibandua haijai tena."

"Najua ni ya nani," akamjibu, akaendelea kuibandua kwa wembe taratibu.

Jumamosi iliyofuata alimkabidhi Njagi. Fundi aliigeuza, akaona gundi nyuma, akaelewa imetoka wapi. Akairudisha kwenye kaunta.

"Hii siwezi kuchukua, Mama Safa."

"Alikwambia atakuwekea?"

"Alisema."

"Basi alikuwekea."

Njagi aliibandika pale pale, akiwa amesimama, kidole gumba kikiikandamiza kwa muda mrefu. Raudha alimpa chai, wakanywa pamoja.

Tangu siku hiyo manahodha hawauzwi tena kibandani. Mabenchi yamerudi nje, na watoto wachache kutoka madrasa hukaa wakibadilishana. Raudha anapanga kuwaletea albamu kumi likizo ya Desemba.

Ukurasa wa Dawud bado una pengo. Safa alitaka kununua kadi hiyo mtandaoni, mama yake akakataa. Pakiti anazouza bado ni za toleo lile lile la zamani, na muuzaji wa jumla Nairobi bado anazo tele.

"Natumaini itatoka hapa hapa, mbele yangu, mkononi mwa mtu ninayemjua," anasema. "Nitamwomba. Akikataa, nitangoja nyingine. Dawud aliingoja miaka miwili. Mimi sijamaliza hata mmoja."