Ndevu za Leonce na Misimu ya Korongo

Uongozi wa Korongo, timu ya kulipwa ya hoki ya barafuni huko magharibi mwa Toronto, ulitangaza rasmi mwanzoni mwa msimu wa 2013 kwamba klabu haina, wala haijawahi kuwa na, shabiki hata mmoja anayeiombea ifungwe.

Wakati huo Leonce, mwoka mikate wa mtaa wa Mount Dennis, mzaliwa wa Bukoba, alikuwa na ndevu zilizomfika kifuani. Alianza kuzifuga mwaka 2006, alipoona kwenye televisheni wachezaji wenye ndevu wakinyanyua kombe. Aliuliza, akaambiwa ni desturi ya mechi za mtoano: hakuna kunyoa. Leonce alikuwa amelelewa katika ushabiki wa Yanga, ambako jambo la timu hufanywa kwanza, maswali baadaye. Akaelewa kwamba shabiki hanyoi mpaka timu iingie mtoano.

Korongo haikuingia. Msimu mmoja golikipa aliumia mgongo akifunga kamba za viatu. Mwingine kocha alifukuzwa, akaletwa mwenye falsafa. Uliofuata akafukuzwa mwenye falsafa, akarudishwa yule wa kwanza. Ndevu peke yake ndizo zilizosonga mbele. Kiwandani Leonce alipewa wavu wa kidevu, kisha wa pili juu yake. Mkewe Dorotea, muuguzi asiyemung'unya maneno, alisema ameolewa na pazia.

Masika ya 2014 binti yao Wema akawa anaolewa. Kawaida alisikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, lakini siku hiyo alitumia Kiswahili, baba asije akasingizia hakuelewa.

"Baba, kanisani hunisindikizi na hizo. Unanyoa, au ananisindikiza mjomba Sebastian."

Sebastian, kaka yake Dorotea, alikuwa mtu mzuri, ila ni Simba.

Leonce akasali Korongo iingie mtoano. Ikaingia, mechi ya mwisho, kwa bao ambalo beki wa wapinzani alijifunga. Kesho yake kazini akatangaza kwamba anakwenda kunyoa. Elkana, Mkenya wa zamu yake, akaacha kukanda.

"Unyoe leo? Mzee wangu, ndevu zinaanzwa leo. Timu ikiingia ndio watu wanaacha kunyoa, mpaka itolewe."

"Na hizi?"

"Hizo sijui. Sisi tulidhani ni dini."

Leonce akakaa juu ya gunia la unga. Akinyoa, anaiua timu. Asiponyoa, Sebastian anamshika binti yake mkono mbele ya watu. Njia iliyobaki ilikuwa moja, na haikuwa ya kusema hadharani.

Korongo nayo, baada ya miaka yote ile, ikachagua wiki hizo kucheza hoki. Ikavuka raundi ya kwanza. Ya pili ikafika mechi ya kuamua, Ijumaa jioni, harusi Jumamosi. Sebastian alikuwa ameshapima suti.

Dorotea alimkuta mumewe amepiga magoti mbele ya televisheni.

"Unaomba nini, baba Wema?"

"Haki itendeke."

"Kwa nani?"

Leonce akaongeza sauti ya televisheni. Bao la nne la wapinzani lilipoingia, alikuwa ameshajipaka povu la kunyolea.