Matanga ya Mpangaji wa Kitabuni

Yoramu, karani wa stesheni, alikuwa Mzigua msomi, na usomi wake alihakikisha hatuusahau. Enzi hizo za Mwingereza alipanga chumba mtaani kwetu Gongoni, mimi na yeye ukuta mmoja. Salamu zetu aliitikia kwa kichwa. Ukimkaribisha chakula: "Asante, nimeshiba." Kashiba nini, hewa?

Jumamosi moja mchana nikamsikia analia. Si kuvuta kamasi. Kilio chenyewe, cha msiba. Nikatupa mchi, nikajifunga kanga kiunoni, nikapiga yowe. Majirani wakaja na mikeka. Jilala, fundi baiskeli, akawatangulia wote, maana sisi Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani, na msibani kwa mtani kazi yetu ni kuhudumu na kumwigiza marehemu watu wacheke. Kuku akachinjwa. Wangu mwenyewe, ole wangu!

"Pole, karani," nikasema. "Nani amefariki?"

"Hamumjui," akajibu, machozi yanamtiririka. "Alikuwa mpangaji katika mji wa ugenini. Kila siku anajiuliza yeye ni nani, na hana wa kumjibu. Amekufa chumbani peke yake. Hakuna hata aliyebisha hodi."

Wanawake tukaangua kilio. Niliwashinda wote, nisifiche.

"Wa ukoo gani, huyo marehemu?" akauliza Jilala.

Yoramu akainua kitabu alichosahau Mzungu mmoja kwenye treni. "Yumo humu. Ni hadithi tu."

Loo! Nilitamani kuurudia mchi wangu. Kuku wangu yuko chunguni kwa ajili ya mtu wa karatasi! Lakini Jilala alikwishajilaza mkekani, kitabu kifuani, macho kayafumba. "Jamani, mimi ni nani?" akanung'unika kwa sauti ya Yoramu. "Mbona hamnibishii hodi? Mmeleta chakula? Asante, nimeshiba!"

Watu wakavunjika mbavu. Yoramu peke yake hakucheka. Akanisogelea.

"Dada Nyamizi, nikifa mimi, mtakuja?"

Nilimwonea huruma, na hasira za kuku bado ninazo.

"Hatuji," nikamwambia. "Si tumeshakuja leo? Tuje mara ngapi? Kaa chini ule."

Akakaa. Akala, akacheka, akalia tena, na safari hii hakuna aliyeuliza nani amefariki.