Sahani ya Mama na Paka Wawili wa Mutsamudu

Sisi tuliokulia Mutsamudu kabla ya simu za kupapasa tunajua kwamba safari haikuanza kwa kufunga mizigo. Ilianza kwa kujiuliza nani ataangalia nyumba, nani atamwagilia mrehani, na kwa upande wangu, nani atawalisha Sukari na Kapteni, paka wangu wawili.

Nilikuwa na miaka tisa. Shule zilikuwa zimefungwa, nasi tulikuwa tunakwenda Moroni, mji mkuu ulioko kisiwa kingine, wiki mbili kwa harusi ya binamu yake mama. Nilipomuuliza mama habari ya paka, alisema, "Paka ana Mungu wake na panya wake," akaendelea kupiga pasi. Jirani wa karibu alikuwa Ma Zaliha, mlango kwa mlango. Lakini yeye na mama hawakuwa wanasemezana tangu Ramadhani, kisa jamvi la karafuu alilolianika mbele ya mlango wetu. Karafuu zilishauzwa zamani, ugomvi ukabaki.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama mmenuniana. Kwa hiyo nilipanda kiti, nikatoa shubakani sahani ya harusi ya mama, ile ya ukingo wa buluu, nikaweka vipande vya mkate wa sinia, nikafunika kitambaa. Nikamwambia Ma Zaliha kwamba mama anamsalimu sana na anamwomba awaangalie paka. Uongo mtupu, na niliusema nimeinamisha kichwa kwa adabu. Aliitazama ile sahani kitambo, akaipokea. Nikajua nimemnasa.

Tukapanda ndege uwanja wa Ouani. Harusi ilifana, tukala mpaka tukachoka kula. Wiki mbili hazijaisha, kisiwa chetu kikajitangaza kujitenga na visiwa vingine, ndege zikasimama. Tukakwama Moroni, mtaa wa Badjanani, miezi mitano, katika nyumba ya watu, ambako watoto waliniita "mtengaji" kila nilipowashinda mdako. Waliniita hivyo mara nyingi sana.

Wakubwa waliganda redioni. Tukasikia Mutsamudu mchele umeadimika, moyo wangu ukafa. Nani atampa paka chakula ambacho watoto wake mwenyewe hawana? Siku hiyo nililia, nikasema yote. Mama hakusikia neno paka, alisikia sahani.

"Sahani yangu ya harusi, kwa yule mwanamke?"

Alinifinya sikio ambalo mpaka leo, mvua ikinyesha, nalisikilizia.

Tuliporudi, hata mizigo hatujafungua, Ma Zaliha aliingia amejitanda shiromani, amekonda mashavu. Aliweka sahani mbele ya mama, imefunikwa. Mama akafunua. Juu ya sahani kililala kitoto cha paka, mtoto wa Sukari, kimenona kama mtoto wa tajiri.

"Sahani ya watu hairudi tupu," alisema Ma Zaliha. "Mchele sikuwa nao."

Baadaye wanawe waliniambia kuwa kila siku alikuwa akitenga dagaa wake mwenyewe kwa ajili ya paka wetu, kwa sababu mama alimwomba kwa heshima. Niliona haya ambayo sikuwahi kuyaona, wala mama hakuufichua uongo wangu. Siku ile ya sahani alimkalisha Ma Zaliha, wakazungumza mpaka alasiri, na karafuu hazikutajwa.

Vijana wa leo wamestaarabika, hawahitaji kuiba sahani. Mpwa wangu wa Moroni alipokwenda likizo Marseille alimwachia paka wake mashine ya kumwaga chakula na kamera ya kumtazama. Siku ya tatu alinipigia analia. Mashine imekwama, na anamwona paka kwenye simu akilamba bakuli tupu. Mimi niko Mutsamudu, bahari katikati. Nikamwambia ampigie jirani.

"Jirani yupi, mama mdogo?"

Amekaa katika jengo lile miaka minne, na hakuwa na jina hata moja la kunitajia.