Nyani waliomuua mbwa wetu

Jamani, leo nyani wamemuua mbwa wetu nikitazama!

Walishuka majabalini asubuhi, wakavamia mtama wetu hapa Sepuka. Mbwa akawakimbilia. Dume moja likamng'ata shingo, likampasua tumbo. Nikapiga yowe na kurusha mawe.

Likanigeukia, meno nje. Nilikimbia, sitawaficha.

Zamani chui waliwala hao nyani, wakaogopa kushuka. Lakini mwaka jana wafugaji walimlilia Bwana Nyama, yule Mwingereza msimamizi wa wanyamapori, kwamba chui wanamaliza mbuzi. Akawaua chui wote kwa sumu. Ngoma tulicheza!

Mchana askari wake akapita. "Shikamoo, mama. Tuwawekee na nyani sumu?"

Mama mkwe, damu ya mbwa mikononi, hata hakuitikia salamu, akamwambia:

"Turudishieni chui wetu."

Ninyi mngemjibuje huyo askari?