Ukurasa Usiohesabu Mbuzi

Mwaka ulikuwa 2021, mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zikisubiriwa Mutomo, nami nilikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Mume wangu alifariki mwaka 2003. Kidato cha nne nilikimaliza mwaka 2010, nikiwa na miaka arobaini na sita, na sioni haya kuyataja yote mawili. Jumatatu, tarehe 4, nilianza kazi ya kuandikisha mifugo kwa ajili ya chanjo ya homa ya mapafu, nikitumia programu ya simu.

Programu hiyo ilikuwa huria, yaani msimbo wake, yale maagizo yanayoiendesha, uliwekwa wazi mtandaoni ili yeyote ausome na kupendekeza marekebisho. Siku hiyo sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba ukurasa wa pili ulidai idadi ya mbuzi, na bila idadi haukusonga.

Mfugaji wa kwanza alikuwa Mzee Musembi. Nilimwuliza kama nilivyoagizwa, "Mbuzi wako ni wangapi?"

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Wewe ni Mkamba kweli? Mbuzi wanahesabiwa? Unataka wakufe?"

Kwetu mifugo haihesabiwi kwa mdomo; kuihesabu ni kuiitia balaa. Mwenye zizi huitupia jicho tu irudipo, akajua ni yupi hayupo. Mama yangu alinifunza hayo nikiwa mdogo, na bado siku ile niliitii simu. Wafugaji waliofuata waliniridhisha kwa uongo: kumi, kumi, kumi. Chanjo ikaletwa kwa kufuata hizo kumi. Iliisha kabla ya adhuhuri, na baadhi ya mbuzi waliorudi nyumbani bila sindano wakaanza kukohoa.

Duru ya pili ilipangiwa Aprili. Ukurasa ule usipobadilika, wengine wangekosa sindano tena. Basi mwezi wa Novemba, nilipokwisha kuambiwa kwamba msimbo uko wazi kwa yeyote, nilikwenda mji wa Kwa Vonza, ambako mradi ulioitunza programu ulikuwa na darasa la wageni: kila mgeni alipewa mshauri wa kumfunza kuchangia msimbo. Wangu alikuwa Ndinda, binti wa miaka ishirini na tisa kutoka Emali. Wiki tatu za kwanza nilisahihisha maelezo ya matumizi tu. Kisha akanifundisha kuandika ombi la kuunganisha, yaani pendekezo la badiliko ambalo watunzaji wa programu hulikagua kabla ya kulipokea. La kwanza alinirudishia mara saba.

"Mwaitu," alisema, akiniita mama kwa Kikamba, "hili ombi limebeba mambo manne. Yatenganishe."

"Nimepika isyo, mahindi na maharagwe chungu kimoja, nawe wataka nichambue?"

"Chambua, mwaitu. Mkaguzi anataka kuonja moja moja."

Nilichambua. Januari 2022 nilipeleka ombi langu zito: niliifuta kabisa sehemu ya idadi. Programu ikakwama, kwa kuwa kiasi cha chanjo kilikokotolewa kutoka sehemu hiyohiyo. Msimamizi Mkuu, mwenye kauli ya mwisho katika mradi, alinijibu kwenye mkutano wa video, wote wakisikia, akiniita bibi kizee kwa lugha ya mitaani.

"Shosho, wageni huanza na tafsiri. Fomu tuachie sisi."

"Mimi si shosho yako," nilimjibu. "Kosa langu nimelikiri. Lako je? Wafugaji wote wa Mutomo wana mbuzi kumi kumi, nawe umeamini?"

Kuna aliyecheka. Ndinda aliniandikia papo hapo: "Mwaitu, punguza moto, ongeza ushahidi."

Moto sikupunguza, ushahidi niliongeza. Pamoja naye niliandika ukurasa mpya. Mbuzi wapitapo langoni, mwenyewe hutaja rangi tu, mweusi, wa mabaka, mweupe. Mwandikishaji hugusa alama kwa kila mmoja, na programu hujumlisha kimya bila kuionyesha jumla. Hakuna mdomo unaohesabu. Kisha nikamtaka Msimamizi Mkuu aje soko la mifugo la Emali na fomu yake, nami nije na yangu.

Alikuja Februari. Akamwuliza mama mmoja idadi ya mbuzi wake.

"Kumi," alijibu yule mama. Zizi nyuma yake lilikuwa limefurika.

"Kumi kweli?"

"Kumi. Ama unataka kuwanunua?"

Nikamwendea na ukurasa wangu. Alitaja rangi hadi kidole changu kikachoka. Msimamizi Mkuu alisema tu kwamba jambo hilo litapelekwa mbele ya watunzaji.

Mwaka jana nilistaafu. Vijana huniuliza kama sikuona aibu kusahihishwa na binti ambaye ningeweza kumzaa. Aibu ingekuwa kunyamaza nikijua jambo ambalo mradi mzima haukulijua. Ndinda hakunifundisha kuinama. Alinifundisha kuiwasilisha hoja mpaka asiyeitaka akose pa kuikwepea.

Jumatano, tarehe 16 Machi 2022, saa nne asubuhi, watunzaji walikutana. Msimamizi Mkuu aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Hakuwepo. Aliupokea ukurasa wangu, akaliandika jina langu katika orodha ya watunzaji, akatangaza kwamba tangu saa hiyo ukurasa wa mifugo hautaguswa bila idhini yangu.

"Una neno, Bi. Kavata?"

"Ninalo. Jana ulileta ombi la kuubadilisha ukurasa huo, na hukueleza sababu. Sasa nalirudisha."