Nani Alibadilisha Oili ya Mkunga?

Mume wangu akikutazama sana, ujue ameshakushuku. Akikuta mlango wa stoo umefungwa atauliza nani kaufunga, akiukuta wazi atauliza nani kaufungua. Nimemzoea. Lakini safari hii alivuka mpaka, na nusura anipotezee mdogo wangu, tumbo moja baba mmoja.

Yeye ni fundi wa magari ya otomatiki, hasa yale ya zamani ambayo mafundi vijana wakiyaona wanakumbuka ghafla wana safari. Watu wanamwita Pua. Si kwa ukubwa, ingawa hapo pia Mungu hakumnyima. Wanamwita hivyo kwa namna anavyopima. Ukimletea gari linalosumbua kubadili gia, analisimamisha mahali tambarare, analiacha liungurume hadi lipate moto, anapitisha mkono wa gia kila mahali, halafu anachomoa kijiti cha oili ya giaboksi, anakifuta kwa kitambaa cheupe, anakirudisha, anakichomoa tena. Hapo ndipo anainama na kunusa. Oili ikiwa nzima, tatizo liko nje: waya umelegea, kampira kamepasuka, chujio limeziba. Ikinuka kuungua, basi klachi za ndani zimekwisha na giaboksi lote lishushwe. Rangi anaitazama pia, lakini anasema rangi mtu anaweza kukuchezea, harufu hawezi.

Mimi nina saluni ya nywele pembeni ya gereji yake, katikati ni ukuta wa bati tu. Nasikia kila neno. Upande ule alikuwepo mdogo wangu wa kiume, ambaye nilimwombea kazi mwenyewe, akafundishwa kila kitu na mume wangu. Walikuwa wakitaniana mchana kutwa hadi wateja wangu wanacheka na mimi nashindwa kuwasuka. Gereji nzima ilimwita Shemeji.

Basi, siku moja akaja Mkunga. Ni mama mstaafu aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa wakizaliwa, mimi na mdogo wangu tukiwemo, na gari lake la kijani ni la zamani kuliko ndoa yangu. Lilikuwa linachelewa kuingia gia ya tatu. Injini inanguruma, gari halisogei, mara linaruka mbele kama limefinywa. Mume wangu akapima, akanusa.

"Oili yako safi kabisa, mama. Nyekundu, haina hata dalili ya kuungua. Ni waya tu huo."

Akakaza waya, akabadilisha kampira na chujio. Oili ya zamani ikamwagwa kwenye beseni, na Shemeji akaachiwa amimine mpya kutoka stoo. Nilimsikia mdogo wangu akisema taratibu, "Shemeji, tungelishusha tu tukaangalia ndani."

"Leo ndiyo umeanza kunifundisha?" Mume wangu alifoka hadi mteja wangu akageuza shingo.

Haukupita muda gari likarudi limevutwa kwa kamba. Gia ya tatu imekufa kabisa. Mume wangu akachomoa kijiti, oili ikatoka nyeusi tii. Mkunga hakupiga kelele, alisema tu, "Uliniambia safi," na hilo likamchoma kuliko matusi.

"Hii si oili yangu," mume wangu aliniambia nyumbani, anazungukazunguka sebuleni. "Ile ya zamani nilinusa kwa pua yangu hii, ilikuwa nzima. Gari lililokuwa na oili nzima haliwezi kuichafua mpya namna hii. Mtu kachukua oili mpya ya stoo, kamimina uchafu. Na aliyemimina ni nani?"

Nikamwambia akome. Lakini weee, huyo akishaanza! Akachora alama za chaki kwenye madebe. Akaokota nywele kwenye sakafu yangu, akawa anazibandika kwenye mlango wa stoo ili ajue kama umefunguliwa. Nywele za wateja wangu zikageuka walinzi! Kila jioni ni maswali. "Mdogo wako vile viatu kavitoa wapi? Mbona siku hizi anapokea simu nje?"

Na mimi, sitasema uongo, nilikuwa na yangu. Kwa miezi mume wangu alikuwa akisukuma sahani anasema chakula hakina ladha, hata nikikoleza viungo hadi jirani anauliza napika nini. Nilinunua manukato mapya, nikampitia mara mbili mbele ya uso, hakunyanyua hata jicho. Nikajua tayari, ana mtu anayempikia. Nikaanza kupekua mifuko ya suruali zake. Kwa hiyo usiku tulilala watu wawili, kila mmoja anamchunguza mwenzake kwa jicho moja.

Kisha akatoboa tundu kwenye lile bati, upande wangu, akajibanza nyuma ya pazia la saluni. Akaniita kwa kidole. Nikachungulia. Nilimwona mdogo wangu anakwenda kwenye gari ambalo mume wangu alishalipima. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akachomoa kijiti, akakisogeza puani, akakirudisha upesi upesi.

"Umeona?" mume wangu akanong'ona. "Anakagua mzigo wake kabla hajauiba."

Nilikuwa nimeona, kwa macho yangu.

Mkunga alipokuja kuuliza gari lake, walikuwepo wateja, walikuwepo wachomeleaji wa jirani, na wanawake wangu wametoka nje na madawa kichwani. Mume wangu hakusubiri hata salamu iishe.

"Shemeji, oili yangu umeipeleka wapi? Sema hapahapa, mama asikie. Mwizi mkubwa wewe!"

Mdogo wangu akafungua mdomo. Akamtazama Mkunga, akawatazama wateja, akanitazama mimi. Akaufunga. Akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya boneti, akaondoka.

"Angekuwa hana kosa angejitetea," mume wangu akasema. Na mimi nikanyamaza. Mama yetu aliposikia, aliacha kupokea simu zangu. Nilipomfuata, alinikaribisha kiti, akanipa maji, hakuniuliza hata watoto hawajambo. Nililia njia nzima kurudi.

Jumapili moja mchana nikatoka dukani. Nilipofungua tu mlango wa jikoni, gesi ikanipiga usoni hadi nikakohoa. Mpira wa mtungi ulikuwa umechomoka. Na mume wangu huyo hapo, amesimama mbele ya jiko na birika lake, kiberiti mkononi, njiti imeshatolewa!

Nilimrukia, kiberiti kikaenda kule. Nikafunga mtungi, nikafungua madirisha.

"Una wazimu?" akanikaripia.

"Wewe husikii harufu?"

"Harufu gani?"

Nilimtazama. Nikakumbuka sahani alizosukuma na manukato yangu. Nikamtoa uani, nikamkalisha kwenye kiti, nikamwambia afumbe macho. Nikachukua kitunguu, nikakikata chini ya pua yake.

"Hii nini?"

"Nitajuaje? Hujanigusisha."

Nikaleta mafuta ya taa. Akasema labda ni maji. Nikaleta dawa yangu ya kunyoosha nywele, ile ambayo wateja wanatokwa na machozi kabla sijawapaka. Akavuta pumzi ndefu, kwa bidii, kifua kikajaa.

"Hakuna kitu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

Kwanza nilicheka, haki ya Mungu, kwa sababu nilikumbuka yule mwanamke wangu wa kufikirika na mapishi yake. Halafu nikaona uso wake, kicheko kikakata.

"Ni tangu yale mafua makubwa yaliyonilaza kitandani," akasema. "Nilijua inapungua. Sikujua imeisha." Kisha fundi ndani yake akaamka. "Lile la Mkunga. Kuna mtu alimwekea oili mpya kabla hajaja kwangu, kuficha kasoro. Nikaona nyekundu, basi. Klachi zilikuwa zimeshaungua. Nikaziongezea oili safi, zikaichafua hiyo nayo. Hakuna aliyeiba chochote."

Tulimkuta mdogo wangu mahali pa kuosha magari, suruali imekunjwa hadi magotini, povu mikononi. Alipotuona hakukimbia, hakutukaribisha.

"Ulikuwa unajua?" mume wangu akamuuliza.

"Nilijua. Ile oili ya kwenye beseni ilinikaba koo, na wewe uliinamia ukasema safi. Toka hapo nikawa nanusa nyuma yako. Likinuka vibaya, nakushawishi tulishushe. Mengine ulikubali ukadhani ni wazo lako."

"Sasa mbona siku ile hukusema? Nimekuita mwizi mbele za watu!"

"Ningesema nini? Kwamba Pua hanusi? Mbele ya wateja wote wale? Nani angekuletea gari tena? Na dada yangu na wale watoto wangekula nini?"

Mume wangu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya maji machafu, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa baba yake. Na mimi nikamwomba radhi mdogo wangu, maana niliona mdomo wake umefunguka siku ile, na sikumtetea.

Kesho yake mume wangu alimwita Mkunga, akawaita wachomeleaji na kila aliyekuwepo, na wanawake wangu wakatoka tena na madawa kichwani. Nilimwomba aseme kwa mafumbo. Akakataa. "Nilimtukana waziwazi," akaniambia. Akasema yote: kwamba hanusi, kwamba gari la Mkunga aliliharibu yeye, kwamba huyu kijana hajawahi kuiba hata msumari. Mkunga akauliza giaboksi litashushwa lini. Wateja wengine hawakurudi, na wengine wanacheka hadi leo.

Waliobaki wana swali moja. Mteja anasimamisha gari lake la zamani hapo mlangoni, anateremsha kioo, na kabla ya salamu anauliza, "Shemeji yupo?"

Nami nikiwa kwa upande wangu namsikia mume wangu, yeye aliyemfundisha kushika spana, akimjibu, "Yupo. Ngoja nikuitie."